Kopo la Hewa ya Ziwani

Saidi alikuwa ameshakoroga simenti kwenye karai na mwiko uko mkononi, ndipo akaniita kutoka chumba cha ndani.

"Dada! Hii tundu ya huku juu, niizibe?"

Nilikuwa uani nikichambua mchele. Nyumba nzima ilinuka simenti mbichi, harufu kama ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na mkewe alikuwa amechoma ubani kidogo kufukuza uvundo wa panya. Harufu hizo mbili zilipokutana puani mwangu niliinuka mara moja. Niliacha ungo chini, nikakimbia kitenge kinanidondoka, nikamshika mkono mwiko ukiwa umebakiza kidole kufika ukutani.

"Usiguse hiyo!"

"Eh! Juu ya nini sasa? Inaingiza baridi tu. Na bibi yangu iko karibu kuzaa, unamuona."

"Namuona. Njo maana nakwambia usiguse."

Alinitazama kama anavyonitazama siku zote, mtu anayemvumilia dada yake mwenye ndoto nyingi. Ni kweli, nimesoma kidogo tu, mpaka pale pa kuandika barua na kusoma gazeti kwa kufuata na kidole, lakini ndoto hazijawahi kuniuliza cheti. Tundu lenyewe si kubwa. Tofali moja tu limekosekana juu ya ukuta, karibu na mabati, upande wa uani. Saidi amelala chini yake tangu azaliwe asijue lilitoka wapi. Nikaona ajabu: yeye ndiye mwenye tundu, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Keti," nikamwambia. Akageuza ndoo, akaikalia.

Ninyi mliokua wakati wetu, Wabelgiji wangali wanatawala na motokari ikipita watoto wote tunatoka kuikimbilia, mtakumbuka jinsi mzazi alivyofichwa. Mama alipojifungua, aliingizwa chumba cha ndani na mlango ukafungwa mpaka arobaini. Mwanaume hakuingia isipokuwa Baba, naye alikohoa kwanza. Kando ya kitanda iliwekwa mbabula ya makaa ili mifupa ya mzazi ipate joto, na kwenye kona chetezo cha ubani. Sisi tulikuwa Waislamu wa mtaa wa nyuma ya maduka, wajukuu wa watu waliofika Gisenyi na biashara zao. Majirani Wakristo nao walimfungia mzazi, ila siku zao zilikuwa chache, na Nyanya alisema ndiyo maana wanaumwa migongo.

Nyanya, mama yake Baba, ndiye aliyesimamia yote. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kabla ya Saidi, Mama alikuwa amezaa mtoto mwingine wa kiume, akatutoka msimu wa mvua, kifua kimembana, hajajua hata kucheka. Nyanya alisadiki kwamba upepo wa ziwa ndio uliomchukua, ulipita pale mabati yanapoegemea ukuta. Safari hii alijiapiza. Baba alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake ilikaa barazani, na vipande vya nguo havikukosekana. Nyanya akavikusanya, akaviviringa, akavisokomeza kwenye kila uwazi wa juu kwa mpini wa mwiko wa ugali. Kaki, buluu, maua mekundu, mistari. Ukilala chali ulidhani nyumba imepambwa kwa sikukuu. Dirisha akalipigilia gunia.

Halafu akaziba na chini, na hapo ndipo penye jambo la kwetu tu. Kando ya ziwa letu ardhi ina pumzi yake. Katika mabonde ya mawe meusi, yale yaliyotapikwa na mlima, hutoka hewa isiyo na rangi wala harufu, ikalala chini kama maji. Mbuzi akishuka humo asubuhi kula majani, hapandi tena. Tunaiita mazuku. Kila mtoto alikatazwa kujificha mashimoni, hata kwenye mchezo. Nyanya alijua mazuku hutambaa chini chini, basi akaona ni ujinga kumlinda mtoto juu na kumwacha wazi chini. Akakunja gunia la pili, akalibana kwenye uwazi wa chini ya mlango, na kigoda chake akakiweka papo hapo.

"Sasa," akasema akijipangusa mikono, "upepo wa juu haiingie, wa chini haiingie. Mujukuu wangu iko kama yai ndani ya kuku."

Mimi nilifurahi. Nilipenda kile chumba. Ukiingia, joto lilikukumbatia kama mtu mnene, makaa yalikuwa mekundu na juu yake kimoto cha buluu kikicheza, na kwenye ukuta mbele ya kitanda ilining'inia sahani ya Mama ya arusi, nyeupe, imechorwa jogoo mwenye mkia wa kijani na jicho jeusi lililokutazama popote uendapo.

Lakini Mama alianza kuumwa kichwa. Kwanza alisema kinamgonga, kisha akasema kinajaa. Akawa analala mchana, ukimsemesha anajibu neno la pili la kwanza limepotea. Saidi naye akawa mvivu wa kunyonya, anashika ziwa, anasinzia. Wanawake waliokuja kumwona walitikisa vichwa wakasema ni kijicho, watu wameona mtoto wa kiume. Nyanya akaongeza ubani. Akaongeza na makaa.

Wakati huohuo palikuwa na mtu akizunguka mtaani kupima nyumba. Alikuwa Mnyarwanda wa Nyakiriba, mrefu, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ina makali, na mkobani mwake alibeba saa ya mnyororo na unyoya mdogo wa kuku uliofungwa kwenye uzi. Wazungu waliita kazi yake hygiène, usafi wa nyumba, nasi tukamwita Musie Ijeni, yaani Bwana Usafi, naye akaitika. Aliingia nyumba za watu akaunyanyua unyoya mbele ya dirisha, akautazama unavyocheza. Alichoma kitambaa, akaufuata moshi kwa macho kuona unatokea wapi, akatazama saa. Ati anapima jinsi nyumba inavyobadilisha hewa.

Mtaa mzima ulicheka. "Kichwa tunalipia kodi," alisema jirani mmoja, "sasa wanataka na ya pua!" Sisi watoto tukimwona anakuja tulijibana pumzi, mashavu yamevimba, mpaka apite. Hatukutaka atuhesabie.

Siku alipofika kwetu, Baba alimkaribisha, akapima sebule, unyoya ukacheza vizuri, Musie akatingisha kichwa kwa kuridhika. Kisha akageukia mlango wa Mama. Nyanya alikuwa tayari amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hapa hapana. Kuna muzazi."

"Bon, mukecuru," alisema Musie. Ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita mama mzee kwa heshima. "Mi sitaangalia mutu. Ni unyoya tu itaangalia."

"Ile unyoya yako ni ya jogoo ao ya kuku jike?"

Musie akautazama unyoya wake kama anauona mara ya kwanza. "Ya kuku jike."

"Basi yenyewe iingie. We baki."

Baba alicheka mpaka akaacha sindano mdomoni ikadondoka. Lakini Musie hakurudi nyuma. Alipiga goti pale chini, mbele ya gunia la Nyanya, akauning'iniza unyoya kwenye ufa wa mlango, juu, katikati, chini. Haukusogea. Ulining'inia kama kitu kilichokufa. Alipoinuka hakuwa akicheka tena. Akamvuta Baba barazani, nami nikawafuata nyuma ya cherehani.

"Ndugu yangu," alisema polepole, "ndani ya ile chumba hewa haitoshi watu wawili. Fungua kidogo. Toa ile moto."

"Mama yangu hatakubali," Baba akasema. "Alishazika mutoto mumoja."

Musie akasema atarudi kuzungumza naye tena, akachukua baiskeli yake.

Mimi nilibaki pale nyuma ya cherehani. Haitoshi watu wawili! Nilijua vizuri maana ya kutotosha. Jioni Nyanya alipakua maharagwe, na mgeni akizidi, sahani moja ilipunguzwa. Basi hewa nayo ilikuwa hivyo, kila chumba kimepewa ya kwake, na mle ndani walikuwa wawili, Mama na Saidi. Mmoja angekosa. Halafu likanijia jambo jingine, nikakaa chini kabisa: yule mdogo wetu wa kwanza. Kumbe ndiye aliyekosa. Hewa iliisha kabla ya zamu yake, na hakuna mtu aliyekwenda kumtafutia.

Hapo nikapata kazi.

Palikuwa na kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye kifuniko kinachobana. Nililichukua nikashuka nalo mpaka ziwani, kupita nyumba za Wazungu zenye maua, mpaka pale mchanga unapoanza. Hewa kule ilikuwa ya kumwaga! Ilikuja kutoka katikati ya maji ikainamisha miti, ikanijaza gauni, na hakuna aliyeizuia wala kuilinda. Nilifungua kopo nikalielekeza kwenye upepo. Nikangoja lijae. Nilipoliona zito kidogo, nilibana kifuniko haraka, nikapanda kurudi nimelishika kwa mikono miwili, natembea kwa uangalifu nisije nikaimwaga.

Nyanya aliniruhusu kuingia, mimi msichana, na nilipenda kumsalimu Mama. Mikono yangu ilikuwa na kopo, basi nilisukuma mlango kwa mgongo na kuuacha wazi nyuma yangu. Nikainama kwenye kitanda, nikafungua kifuniko, nikamimina taratibu karibu na kichwa cha Saidi, kama mtu anayemimina maziwa.

"Unamwaga nini, mwanangu?" Mama aliuliza, jicho moja limefunguka.

"Hewa."

Aligeuza uso kwenye kopo. Kisha akavuta pumzi ndefu. "Ni muzuri," akasema. "Inanuka ziwa. Kesho lete tena."

"Mulango! We mutoto, ulizaliwa sokoni?" Nyanya akapiga kelele, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

Nilileta tena. Nilileta asubuhi na nilileta jioni, na kila nilipomwaga, Mama alifumbua macho, akaniuliza habari za majirani, mara akacheka kidogo. Saidi alishika ziwa akanyonya kwa sauti. Niliona kwa macho yangu jinsi kopo linavyofanya kazi. Sikumwambia mtu. Niliogopa wakijua, kila mtoto wa mtaa atakwenda kuchota, na hewa ya ziwa nayo itaisha.

Halafu ikaja siku ya mvua. Ilianzia upande wa mlima, ikatelemka mjini na baridi ya kukata masikio. Nyanya aliwasha mbabula ya pili. Nilipofika nimelowa, nywele zinachuruzika, kopo nimelificha ndani ya gauni, nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umeegemea mlango.

"Leo hapana," akasema. "Unanuka baridi mupaka kwenye mifupa. Utamuua mutoto."

"Kidogo tu, Nyanya."

"Nimesema."

"Hewa yao itaisha! Musie alisema haitoshi wawili!"

"Ule Musie na unyoya yake, wote waende kwa mama yao." Akajifunga kitenge vizuri. Kwake mazungumzo yalikwisha.

Niliweka mdomo kwenye ufa. "Mama!" Mama siku zote aliitika "Abee," hata akiwa usingizini. Hapakuwa na kitu. Mvua tu juu ya mabati. "Mama!"

"Amelala," Nyanya alisema.

"Na Saidi?"

"Naye amelala."

Wote wawili, mchana, na mvua inapiga bati kama ngoma, na mtoto asilie. Nilianza kulia mimi. Nililia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, mpaka cherehani ikanyamaza na Baba akaja mbio, mkanda wa kupimia shingoni. Lakini kabla hajauliza kitu, niliona uso wa Nyanya umebadilika. Alikuwa amegeuza sikio kwenye mlango.

"Mwanangu?" akaita. Akagonga. "Mwanangu, jibu mimi."

Aliinuka peke yake, bila kuambiwa. Kigoda kikaanguka kule. Akalipiga gunia teke, akasukuma mlango.

Joto lilitupiga usoni kama pumzi ya tanuri la mikate. Mama alikuwa macho nusu, alijaribu kuinua mkono, ukarudi kitandani. Baba alimbeba kama alivyo, na Nyanya akamnyakua Saidi, wakakimbilia sebuleni, na Baba akaufungua mlango wa barazani kwa mguu mpaka mwisho, mvua ikaingia na sauti yake na harufu yake yote. Nyanya hata katika haraka ile alimfunika Mama kichwa kwa kitenge. Saidi alikuwa kimya, kichwa kimelegea juu ya mkono wake.

"Ayi wee," Nyanya alisema. Ilikuwa sauti ndogo, sikujua kwamba anayo. "Ayi wee, Mungu wangu, si tena."

Mimi nikakumbuka kopo. Nikalitoa ndani ya gauni, nikang'oa kifuniko, nikalimwaga lote kwa mara moja usoni pa Saidi.

Akapiga chafya.

Kisha akakunja uso, akakusanya hasira yote ya siku zake chache duniani, akalia. Lo! Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio. Mama akageuza kichwa kuelekea sauti, akatapika kidogo, akasema, "Maji." Baba alikaa chini sakafuni palepale na mkanda wake shingoni, akacheka huku machozi yanamtoka, na Nyanya alikuwa anasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, anamtikisa Saidi ambaye hakuhitaji kutikiswa tena.

Mvua ilipopungua Baba alikwenda kumtafuta Musie Ijeni. Walirudi wote wawili wakisukuma baiskeli kwenye tope. Musie alimtazama Mama kwa mbali, kwa adabu, akauliza kama kichwa kimepungua. Mama akasema kimepungua tangu atolewe, ila kinamgonga bado. Nyanya akadakia, ni dua, yeye ndiye aliyesoma dua.

"Ni sawa, mukecuru. Dua iko," Musie alisema. "Lakini tupime chumba. Haina muzazi sasa."

"Ni chumba ya mukwe wangu, nguo zake ziko mule. Macho ya mwanaume haiingie."

Musie akafikiri. Akatoa saa yake. "Donc, we mwenyewe utapima. Kuna kitu ukutani, kitu ya kuonekana vizuri?"

"Kuna sahani ya jogoo," nikasema mimi.

Musie akaeleza: moshi utaificha sahani, naye atahesabu kwa saa mpaka jogoo aonekane tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mbabula zote zilitolewa uani, mlango ukaachwa wazi mpaka joto likaisha. Kisha Nyanya akaingia na chetezo, mimi nyuma yake nimeshika nguo yake, tukajaza ubani mpaka chumba kikawa cheupe kama maziwa. Musie akakichukua chetezo kwa mkono mmoja kupitia mlangoni, uso ameugeuzia pembeni, na mlango ukafungwa, gunia likarudi mahali pake, kila kitu kama Nyanya alivyokuwa amekipanga. Tuliketi kitandani tukimtazama jogoo. Jogoo hakuwepo. Palikuwa na weupe tu.

"Mukecuru!" sauti ya Musie ilitoka ng'ambo ya ukuta. "Jogoo iko?"

"Haiko! Imefichwa."

Tukangoja. Nyanya akajifuta macho.

"Sasa iko?"

"Haiko, nakwambia!"

Tukangoja tena, muda mrefu, mpaka nikasikia Baba barazani ameanza na kumaliza kumsimulia mtu habari nzima. Nyanya akakohoa. Nami nikakohoa.

"Mukecuru, toka. Nimeshaona saa."

"Subiri! Itaondoka tu. Ni moshi, haina nyumba." Akapepea kwa kitenge. Moshi ulizunguka, ukarudi, ukakaa. "Ah, hii moshi," akanong'ona, "imekaa kama mugeni asiyejua kuaga."

Nilimwona akiinua macho. Alitazama juu, vile vipande vya kaki na buluu na maua mekundu, vyote alivyovisokomeza kwa mkono wake. Alitazama dirisha lenye gunia. Alitazama chini ya mlango. Alikuwa mtu wa kando ya ziwa, alijua hewa inayolala ni nini, hakuhitaji kufundishwa.

"Mazuku," akasema. Hakuwa akisema nami. "Nilimufungia mazuku ndani, pamoja naye. Na mimi nimekalia mulango."

Hakulia. Alipanda juu ya kitanda, yule mama mfupi, akaomba nimpe mwiko wa ugali uliokuwa bado kwenye kona, akaanza kuvichomoa vile vipande kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoanguka sakafuni kilitoa sauti laini, kama tunda lililoiva.

Tulipotoka, macho mekundu, Musie hakusema lolote la kujisifu. Alisema tu kwamba chumba kinataka pa kuingilia na pa kutokea. Chini ya mlango paachwe wazi. Juu, litolewe tofali.

"Upande wa ziwa hapana," Nyanya akasema. "Ile ziwa nilishaipa mutoto mumoja."

"Bon. Upande wa uani, basi. Juu kabisa, baridi isimushukie."

"Na mbabula?"

"Ikae uani. Chumba ipashwe na mawe ya moto na blanketi."

"Na ubani?"

Musie akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ubani iko. Bila ubani ningepima na nini?"

Baba alipanda juu ya pipa na nyundo. Tofali lilipotoka, moshi uliobaki ukalifuata, ukatoka tunduni kama uzi mweupe, na watoto wa jirani waliokuwa wamekwea ukuta wakapiga vigelegele: "Nyumba inavuta sigara! Nyumba ya fundi inavuta sigara!"

Tukajaza ubani tena. Nyanya akaingia tena, hakukubali mwingine aingie. Mlango ukafungwa, gunia safari hii liko jalalani. Baba alikuwa hajamaliza kujipangusa vumbi la tofali kichwani, mara tukasikia ile sauti ya kusimamisha watu ng'ambo ya barabara:

"Amerudi! Jogoo amerudi! Naona mukia! Naona mupaka jicho!" Na vigelegele, Nyanya peke yake chumbani, kama siku ya arusi.

Mama, kwenye mkeka sebuleni, alicheka huku ameshika kichwa. "Musinichekeshe," alisema, "bado kinaniuma." Na akaendelea kucheka.

Mimi nilikuwa nimesimama kando na kopo langu. Musie alipokuwa anafunga mkoba, nilimuuliza kile kilichokuwa kinanikaba: sasa hewa inatosha wawili? Akachuchumaa, magoti yake marefu yakafika masikioni. Aliuliza kopo ni la nini. Nikamweleza, ziwa, kifuniko, kumwaga polepole. Nilingoja acheke.

"Ulipoingia na kopo, mulango nani alifungua?"

"Mimi. Na mgongo."

"Ukaifunga?"

"Mikono ilikuwa na kopo."

"Basi," akasema. "Uliwaletea hewa kweli. Ila haikuwa ndani ya kopo, ilikuja nyuma yako, ikapita mulangoni. Hewa haigawiwi kama maharagwe, mutoto. Inapita. Ikiingia huku, itoke huku, inatosha wawili, inatosha kumi."

Nilifikiri sana. Kisha nikauliza la pili, lililokuwa chini kabisa. "Na ule mwingine? Ule wa kwanza. Yake iliisha?"

Musie hakuelewa, akamtazama Baba. Nyanya alielewa. Alikuja akanivuta mapajani mwake, ananuka ubani mpaka kwenye kope.

"Ule ilikuwa kifua, mujukuu wangu," akasema. "Ilikuwa kifua. Hewa ilikuwepo. Hakuna mutu alimunyima."

Sijui kama aliniambia mimi au alijiambia mwenyewe. Najua tu kwamba kitu kilinitoka mabegani, nami nikalala palepale, mchana, kopo likabingirika chini ya kiti.

Musie aliniachia unyoya wake. Nilipoamka niliupandisha kwenye tundu kwa fimbo, ukacheza kama kichaa. Kisha nikaushusha mbele ya pua ya Saidi aliyekuwa amelala, ameshiba. Ukaenda. Ukarudi. Ukaenda. Ukarudi. Nilikaa pale mpaka nikaitwa kula.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Saidi alikuwa bado juu ya ndoo yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, amesikia yote. Simenti kwenye karai ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka.

"Na mimi nilikasirika kumwagiwa kopo?" Saidi akauliza.

"Sana."

Akainuka. Alinyoosha mkono juu, akakiweka kiganja mbele ya tundu, hewa ikampita vidoleni. Kisha akamwambia mkewe kitanda wakigeuze, miguu ielekee ukuta ule ili baridi isiwashukie.

"Na ile sahani?" mkewe akaniuliza. "Bado iko?"

Ipo. Imemeguka ukingoni, jogoo amepoteza nusu ya mkia. Niliitoa sandukuni, nikaifuta kwa kitenge changu. Saidi alipiga msumari mahali palepale pa zamani, akaitundika, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, amekunja jicho, katika ule moshi mwepesi wa ubani uliokuwa ukipanda kwenda tunduni.

"Naiona," akasema. "Naona mupaka jicho."